Vita Vimekwisha, Baba Bado Yuko Vitani



Somo la mwezi huu linawahusu hasa wale ambao mmoja wao amewahi kuvaa sare ya jeshi. Kutoka Kitengela na Isinya mpaka Kajiado mjini, familia za namna hiyo si chache. Askari akistaafu hupewa kiinua mgongo chake, hununua ploti ya hamsini kwa mia, hujenga nyumba ya mawe, na majirani husema, "Huyu amefaulu." Hawajui kwamba mwenye nyumba hiyo hapati usingizi. Saa nane za usiku huzunguka ukuta wake na tochi mkononi. Mke wake amehamia chumba cha watoto tangu usiku ule alipokabwa koo na mume ambaye hakuwa macho, alikuwa akiota.

Kenya ilipeleka majeshi yake Somalia mwezi wa Oktoba mwaka 2011. Tangu hapo askari wetu wamekwenda na kurudi kwa zamu, kwanza chini ya bendera ya nchi, kisha chini ya Umoja wa Afrika. Wako walioingia Kismayu mwaka 2012. Wako waliopoteza wenzao El Adde tarehe 15 Januari 2016, na wengine Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017. Serikali haikutangaza idadi kamili ya waliouawa El Adde, na ukimya huo umeingia mpaka katika vyumba vya kulala: mke haulizi, mume hasemi. Kabla yao walikuwako wazee wa K.A.R. waliorudi kutoka Burma baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Familia nyingi zinawakumbuka kama watu wakali, wasiopenda kelele za watoto, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Ugonjwa huu una jina. Ni maradhi ya kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya mtu kukiona kifo kwa macho. Tangu mwaka 1980 madaktari wa Marekani wameuweka katika kitabu chao rasmi cha maradhi ya akili, baada ya vita vya Vietnam. Mara nyingi hauji peke yake. Huja na sonona, ile huzuni nzito inayomwondolea mtu hamu ya kula, ya kufanya kazi, ya kusali, hata ya mke wake.

Dalili zake mnazijua ninyi mnaokaa naye. Tairi la lori la saruji likipasuka barabara ya Namanga, yeye yuko chini ya meza kabla hujageuka. Baruti za machimbo ya mawe zikilia, siku yake imeharibika. Kwenye matatu anataka kiti cha mlangoni, na hotelini anakaa akiuegemeza mgongo ukutani. Hasira inamjia ghafula, kisha anakaa siku tatu bila kusema neno. Haya si mapepo, wala hajarogwa, wala si ishara kwamba ana mwanamke mwingine. Nazitaja sababu hizo tatu kwa kuwa ndizo zinazotolewa upesi na ndugu na majirani, na hiyo ya tatu ndiyo inayovunja ndoa.

(Msisahau kwamba siku hizi mwenye sare aweza kuwa ni mama. Nikisema "mume" humu, wale ambao kwao ni kinyume wageuze maneno.)

Jinsi ugonjwa unavyolishwa

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Tuseme baba mmoja anakwenda sokoni Kitengela siku ya Jumamosi pamoja na mke wake. Umati unamzunguka. Mtu anamgusa begani kutoka nyuma. Moyo unaanza kudunda, jasho linamtoka, anageuka na kurudi nyumbani. Njiani moyo unatulia. Je, amejifunza nini? Amejifunza kwamba soko ni mahali pa hatari, na kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Jumamosi ya pili anasema, "Mama Watoto, nenda tu, mimi nitalinda nyumba." Mke mwenye huruma anajibu, "Haya Baba Watoto, pumzika." Wiki ya tatu hata hakuna anayeuliza.

Kutoka sokoni, hofu inasogea karibu. Anaacha kwenda jumuiya, kwa sababu nyumba za watu ni ndogo na mlango ni mmoja. Anaacha kwenda Misa, kisha anaacha kwenda mazishini. Mwishowe anabaki sebuleni, pazia limefungwa, televisheni inawaka bila sauti. Na huku sebuleni sonona inampata vizuri, kwa sababu mtu asiyefanya jambo lolote hapati furaha yoyote, na mtu asiyepata furaha haoni sababu ya kufanya jambo lolote. Huo ni mduara, na kila mzunguko unambana zaidi.

Mama, ni vigumu kulisema hili bila kukuumiza, lakini upendo wako nao unausaidia ugonjwa. Unawanyamazisha watoto siku nzima. Unajibu simu zake. Unawaambia wanajumuiya ana malaria. Unakwenda peke yako kwenye mkutano wa wazazi. Kila mzigo unaomtua unamwambia kwa kimya kwamba yeye hawezi tena. Usijilaumu; mke yeyote angefanya hivyo. Ila sasa mnahitaji njia nyingine, ninyi wote wawili.

Tiba ya matendo

Wengi wetu hudhani kwamba mtu mwenye huzuni yafaa kwanza apate moyo, ndipo atoke aende kazini. Tiba tunayoieleza hapa inageuza mambo: mtu aanze kutenda, na moyo utafuata. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, waliupima upande huu wa matendo peke yake kwa wagonjwa wa sonona, wakaulinganisha na tiba ndefu zaidi inayochambua pia mawazo ya mgonjwa. Wale waliosaidiwa kurudi katika shughuli zao hawakuachwa nyuma.

Inafanywaje? Mshauri humpa mgonjwa daftari. Kwa wiki moja anaandika, saa kwa saa, alichofanya na jinsi moyo ulivyokuwa, kuanzia 0 mpaka 10. Hatakiwi kubadili kitu, ni kuandika tu. Mara nyingi askari hushangaa. Alidhani siku zake zote ni sifuri, kumbe Jumanne, alipomfungia mtoto viatu, aliandika 3. Kutokea hapo wanachagua mambo madogo ambayo zamani yalikuwa na maana kwake: kuku, bustani ya sukumawiki, kwaya, kumpeleka mtoto shule. Yanaandikwa kwa siku na saa. Saa ikifika yanafanywa, moyo upende usipende. Askari anaielewa lugha hii kuliko raia. Alipokuwa kambini hakuulizwa kama anajisikia kuamka saa kumi na moja.

Kosa la kawaida ni kuanza na mlima. Baba anatangaza kwamba wiki hii atamaliza kujenga nyumba za kupangisha, anashindwa Jumatatu, na Jumanne haamki. Afadhali kufagia banda la kuku kwa dakika kumi na kuishia hapo. Kesho dakika kumi tena.

Someni pamoja sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Eliya ametoka kwenye vita vyake mlimani Karmeli, ameshinda, na bado anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mti na kumwomba Mungu amtoe roho. Angalieni Mungu anachofanya. Hamkemei kwa kukosa imani. Anamwacha alale. Malaika anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, anamlisha mara ya pili. Ndipo safari inaanza, hatua kwa hatua mpaka Horebu, na huko anapewa kazi ya kufanya na Elisha wa kumfuata. Usingizi, chakula, mwendo, kazi, mwenzi. Sijui mshauri gani angepanga vizuri zaidi.

Kuikaribia hofu polepole

Mguu wa pili wa tiba hii ni kuyarudia yale aliyoyakwepa. Profesa Edna Foa wa Philadelphia ndiye aliyeifanya njia hii ijulikane katika kutibu kiwewe. Mgonjwa na mshauri wanaandika ngazi. Kipawa cha chini ni jambo linalomtisha kidogo, na cha juu kabisa ni lile asiloweza hata kulifikiria leo.

Kwa baba wetu wa Kitengela ngazi yaweza kuwa hivi. Kwanza anasimama langoni jioni, watu wakitoka kazini. Kisha anakwenda dukani asubuhi mapema, kabla ya foleni. Halafu anaketi ndani ya matatu iliyo tupu stejini mpaka ijae. Anasafiri mpaka Isinya, kituo kimoja tu, na kurudi. Mwisho anashuka Kajiado mjini siku ya soko, anatembea katikati ya wauza mbuzi na wauza mitumba, ananunua kitu, anasubiri chenji yake. Kila kipawa kinarudiwa mpaka kimchoshe. Katika Misa vivyo hivyo: aanze benchi la mwisho, karibu na mlango, na asiaibishwe kwa hilo. Mwezi unaofuata asogee mabenchi mawili.

Siri iko katika kubaki. Hofu hupanda kama maji ya mto wa msimu, lakini nayo hushuka, hata kama hakuna aliyekimbia. Mtu akibaki mpaka itulie, mwili wake wenyewe unafundishwa kwamba soko ni soko, si uwanja wa vita. Akiondoka hofu ikiwa juu, anafundishwa kinyume. Kwa hiyo mke anayemsindikiza asiseme, "Twende nyumbani, naona umechoka." Aseme, "Tukae dakika tano zaidi, niko hapa." Wala asimsukume kuruka vipawa. Na pombe kabla ya kutoka haifai kabisa, maana ujasiri wa chupa haufundishi kitu.

Iko pia sehemu ya kusimulia tukio lenyewe, mwanzo mpaka mwisho, tena na tena, mpaka liwe kumbukumbu ya jambo lililopita. Sehemu hii ni ya mtaalamu. Mama, usijaribu kumchokonoa usiku akueleze yaliyotokea Somalia. Akitaka kusema, msikilize. Akinyamaza, mwachie.

Mtauliza kama hii ni dawa ya Wazungu tu. Hapana. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, wakimbizi kutoka Rwanda na Somalia walisaidiwa na washauri ambao wenyewe walikuwa wakimbizi, waliofundishwa kwa muda mfupi tu kuwaongoza wenzao katika kusimulia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha nafuu kubwa. Huko Charleston, Marekani, Ron Acierno na wenzake waliziunganisha njia zote mbili, kutenda na kuikabili hofu, kwa askari wastaafu zaidi ya 200. Nusu walikutana na mshauri uso kwa uso, nusu waliongea naye kwa video wakiwa nyumbani kwao. Mwaka 2016 walitoa taarifa kwamba wale wa nyumbani hawakupona vibaya kuliko wenzao. Kwa familia iliyo mbali na barabara, upande wa Namanga au Magadi, habari hiyo ni njema, kwa kuwa simu inafika mahali ambapo daktari hafiki.

Kitanda, kitubio na chupa

Kuhusu tendo la ndoa. Sonona huua hamu, na baadhi ya dawa zake pia huipunguza. Mke hukaa miezi akijiona amechukiwa. Mume naye, akiogopa kushindwa, hukwepa hata kumshika mkono, na tayari mmeshajifunza kukwepa huzaa nini. Rudini mwanzo. Tembeeni jioni mmeshikana mikono. Ketini kiti kimoja. Kama analala akipigana, vitanda viwili katika chumba kimoja si aibu, mradi mmekubaliana wenyewe na kila mmoja anajua sababu. Madhara ya dawa aambiwe daktari. Dawa zisiachwe ghafula. Kumbukeni pia kwamba dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na wengi huziacha wiki ya pili wakisema hazina maana.

Kuhusu hatia. Askari wengi hubeba swali moja: kwa nini yeye alirudi na mwenzake hakurudi? Wengine walifanya mambo vitani yanayowasumbua. Katika sura ya 31 ya Kitabu cha Hesabu, wapiganaji walikaa nje ya kambi siku saba wakijitakasa kabla ya kuingia, na katika jamii zetu nyingi wazee walikuwa na desturi za kumtakasa aliyerudi vitani. Siku hizi askari hushuka kwenye ndege, na kesho yake yuko mezani na watoto. Sakramenti ya Kitubio ina nafasi kubwa hapa, na kasisi wa jeshi anayaelewa mambo haya; Kanisa nchini lina jimbo maalumu la wanajeshi. Lakini kubaki hai si dhambi. Mtu anayeungama jambo moja kila Jumamosi na hapati amani, padre mwenye busara atamwelekeza pia kwa mshauri. Kitubio huondoa dhambi. Kiwewe kinahitaji matibabu yake.

Kuhusu chupa na ngumi. Ugonjwa unaeleza hasira, hauhalalishi kipigo. Kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa inamruhusu mwanandoa kujitenga na mwenzake anayemhatarisha yeye au watoto, na ikiwa kungoja ni hatari, anaweza kuondoka bila kungoja kibali. Mama, ukipigwa, watoe watoto kwanza. Mambo ya tiba yatazungumzwa ukiwa mahali salama.

Na lile ambalo watu hulinong'ona. Mtu akisema familia ingekaa vizuri bila yeye, akianza kugawa vitu vyake au kuaga aga, muulize waziwazi, "Baba Watoto, unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo, mara nyingi kunamfungulia mlango. Ondoa nyumbani dawa ya kuogeshea ng'ombe na kamba, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Msiogope polisi: mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Wala msiogope maneno ya watu kanisani. Katekisimu yenyewe inafundisha kwamba mateso makubwa ya akili hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusiukatie tamaa wokovu wa waliofariki kwa njia hiyo.

Mahali pa kuanzia

Anzeni hospitali ya Kitengela au ile ya rufaa ya kaunti, Kajiado mjini, mkaeleze kwamba mgonjwa alikuwa vitani. Wengi hutaja kichwa na tumbo tu, wakapewa dawa za maumivu. Nairobi iko Hospitali ya Mathari, na kwa wanajeshi iko hospitali yao ya Defence Forces Memorial. Shirika la Msalaba Mwekundu lina simu ya bure, 1199. Popote mtakapokwenda, ulizeni swali hili: "Je, mshauri huyu amefundishwa kutibu kiwewe, na atatupa kazi ya kufanya nyumbani?" Mshauri ambaye kila wiki anasikiliza tu na kusema pole, bila kazi ya kufanya, ni mtu mwema, lakini si tiba tuliyoieleza hapa.

Zoezi la mwezi huu

Watoto wakishalala, kaeni ninyi wawili na daftari, simu zikiwa zimezimwa. Kila mmoja aandike peke yake kwanza, kisha msomeane. Je, ni mambo gani mawili tuliyokuwa tukiyafanya pamoja kabla ya safari zile, ambayo hatuyafanyi tena? Ni lipi kati ya hayo tunaweza kulifanya wiki hii kwa dakika kumi, siku gani, saa ngapi? Na mume amwambie mke, bila kumlaumu: ni jambo gani moja ambalo umekuwa ukinifanyia kwa upendo, na sasa ungeniachia nilifanye mwenyewe?